Kikombe cha Maharage Si Robo Kilo

"Dokta, kikombe cha maharage si ni robo kilo tu?" Si robo kilo, na mimi si dokta, ni mtu wa lishe. Swali hili naletewa na wagonjwa wa kisukari niliowaandikia gramu 100 za maharage yaliyopikwa kwa mlo wa mchana. Wakifika nyumbani hawana mizani, wanamuuliza jirani, na jirani hakosi jibu.

Najua lilikotoka. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji, maji hayo yana gramu 250, hapo hatubishani. Halafu mtu anamwaga maji, anatia maharage, na ile 250 anabaki nayo, kana kwamba gramu zimechorwa kwenye kikombe. Kikombe kinapima nafasi. Na maharage hayajazi nafasi hata uyarundike mpaka mdomoni, kwa sababu kati ya punje na punje pana upenyo.

Juzi mama mmoja alinibishia hadi nikaomba hotipoti yake. Nikayachuja maharage yakakauka mchuzi, nikajaza kikombe: gramu 183. Kisha nikamimina maji taratibu juu ya yale yale maharage. Ziliingia mililita 80 na ushei kabla hayajafurika, mizani ikapanda hadi 265. Robo kilo yake hiyo hapo, na nyongeza, ila karibu theluthi ni maji. Ndicho unachopata ukichota maharage ya nazi kwa upawa: uzito unatimia, lakini sehemu yake ni tui, na tui lina hesabu yake nyingine ya mafuta. Maharage yanayokaribia robo kilo kwa kikombe bila mchuzi ni yaliyopondwa. Hayo hayana upenyo tena.

Anayeamini robo kilo hupima mbili za tano za kikombe akidhani ni gramu 100. Amekula gramu 73, saa kumi njaa inamsokota, lawama zinakuja kwangu.

Wala msinitake namba moja ya mikunde yote. Kikombe hicho hicho cha mililita 250, mikunde ikiwa imeiva na kuchujwa: dengu na mbaazi gramu 170 hadi 175, kunde na maharage 175 hadi 185, choroko na adesi 205 hadi 210, maana ni ndogo, zinapasuka na kubanana. Kikombe chenu cha chai kina mililita ngapi? Sijui, na ninyi hamjui. Kijazeni maji mkipime kwanza.

Mwenye mizani apime sufuria tupu, apime tena na maharage yaliyochujwa, atoe. Nusu kilo ya makavu itatoa kilo moja na robo hivi. Gawa kwa idadi ya milo. Usipime makavu ukasoma safu ya yaliyopikwa kwenye jedwali la lishe: gramu 100 za makavu zina wanga kama gramu 60, za yaliyopikwa kama 23. Usiye na mizani, chukua bakuli lako na maharage yaliyochujwa, nenda dukani, mwombe muuzaji akupimie gramu 100 mara moja tu, weka alama ya kalamu zilipofikia. Atakushangaa. Mwache ashangae, ilimradi amepima.