Bastola za Magnum: Kweli na Uongo

"Hakuna bastola yenye nguvu kuliko .44 Magnum." Uongo. Habari hii ilienezwa na Clint Eastwood katika sinema ya Dirty Harry, 1971. Wakati huo .454 Casull ilikwisha kubuniwa, na mwaka 2003 Smith & Wesson walitoa .500 inayozipita zote mbili kwa mbali. Tena hata hiyo 44 si 44: upana wa risasi yake ni inchi 0.429.

"Anayepigwa risasi hurushwa hadi ukutani." Uongo mtupu. Msukumo unaompata hauzidi teke lililompata mfyatuaji mkononi. Ungetosha kumrusha mmoja, wangeruka wote wawili.

"Colt ya 1873 hubeba risasi sita." Matundu ni sita, kweli, lakini mwenye akili alijaza matano. Nyundo ikilala juu ya fataki, bastola ikianguka chini inaweza kulia yenyewe.

"Wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani wanatafuta makali." Nusu kweli. Elmer Keith, mfugaji wa Idaho, alishindilia baruti katika risasi za .44 Special miaka mingi, na ukaidi wake ndio uliozaa .44 Magnum. Walenga shabaha wengi wa leo ni kinyume chake: wanabana matumizi, maana ganda la shaba ni ghali na hutumika tena na tena, na wanapenda risasi nyepesi isiyoumiza kiganja.

"Hatari ya kujaza maganda ni baruti kulipuka mezani." Hapa wengi wanaogopa kisichostahili. Baruti ya kisasa ikiwa wazi huwaka kwa kasi tu. Mlipuko hutokea ikibanwa. Cha kuogopa ni nafasi tupu ndani ya ganda. Ganda la .45 Colt lilitengenezwa kwa baruti nyeusi, iliyolijaza karibu lote. Baruti ya sasa hukaa kidogo tu chini kabisa, hivyo aliyepitiwa akamimina mara mbili haoni chochote kikimwagika. Risasi hiyo inaweza kupasua silinda mkononi. Ndiyo maana mjuzi hupanga maganda kwenye kibao, akamulika tochi ndani ya kila moja kabla hajaliziba. Kwangu mimi, asiye na subira ya tochi hiyo aendelee kununua za dukani.

"Kujaza maganda ni burudani halali popote." Uongo. Marekani vifaa vyake huuzwa madukani waziwazi. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.