Marafiki Wawili, Pikipiki Mbili na Siku Fupi ya Baridi

Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, mwenye pikipiki aghalabu huifunika turubai mwishoni mwa Oktoba, akaiacha bandani mpaka baridi ipite. Wakati huo majani yamekwisha pukutika, jua limepoteza ukali wake, na barabara hazikauki mchana kutwa. Hata hivyo wako wachache wasioifunika. Hao hungoja siku kavu katikati ya majira ya baridi, wakatoka wawili wawili kwenda kuzunguka mashambani, na kurejea nyumbani kabla ya giza. Jirani zao huwatazama madirishani wakitikisa vichwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1956 mwandishi wa habari za pikipiki wa Ujerumani, Ernst Leverkus, aliwaalika wenziwe wakutane wakati wa baridi huko Solitude, karibu na mji wa Stuttgart. Waliokuja walikuwa wachache. Kwa kuwa pikipiki yao iliyosifika, Zündapp KS 601, ilikuwa na jina la utani la Tembo wa Kijani, mkusanyiko huo ukaja kuitwa Mkutano wa Tembo, na hadi leo hufanyika kila mwaka katika misitu ya Bavaria. Uingereza nayo ina mkutano wake wa baridi, Dragon Rally, ulioanza huko Wales mwaka 1962. Lakini wengi wapendao safari za baridi hawaendi mikutanoni. Kwao watosha rafiki mmoja, njia njema na chupa ya chai.

SIKU YA SAA SABA NA NUSU

Mfano mmoja waeleza mengi. Katika mji wa Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, waishi marafiki wawili. Mmoja ni mzee aliyekwisha staafu. Wa pili ni kijana wa makamo, fundi wa umeme, ambaye alijifunza kuendesha pikipiki akimfuata mzee huyo nyuma. Kila mwaka, siku chache baada ya Krismasi, hufanya safari moja ya kuzunguka mabonde ya Yorkshire.

Wakati huo wa mwaka jua la huko huchomoza kama saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na huzama saa kumi kasorobo. Mchana mzima haufiki saa saba na nusu. Wasafiri hawawezi kuondoka mapema, kwa sababu alfajiri barabara huwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Wala hawawezi kuchelewa, kwa sababu jua likizama maji yote yaliyoyeyuka mchana huganda tena. Kwa hiyo huondoka saa tatu na nusu, na huwa wamekwisha kubaliana kwamba saa tisa na nusu watakuwa mlangoni. Mzee huandika njia na saa ya kurudi kwenye karatasi, akaiacha juu ya meza ya jikoni ili mkewe ajue.

Mavazi yao huanza kupangwa usiku uliotangulia. Ndani huvaliwa fulana ya mikono mirefu iliyofumwa kwa sufi laini, juu yake sweta, kisha jaketi na suruali visivyopitisha upepo. Soksi ni jozi mbili, ila kiatu kisiwe cha kubana, kwani mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha na hupoa upesi. Siku hizi viko vipini vya usukani vyenye nyaya za umeme ndani yake, na vizibao vinavyopashwa joto na betri ya pikipiki. Mzee anavyo vipini hivyo. Kijana husema havihitaji.

Umuhimu wa mavazi hayo waonekana katika hesabu ya upepo. Baridi ikiwa nyuzi 5 za Sentigredi, mtu akisafiri kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ngozi yake iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Baridi ikiwa sifuri, mwendo huo huo huifanya ihisiwe kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Mpanda pikipiki hapigwi na baridi ya nchi peke yake. Hupigwa na baridi aliyojitengenezea mwenyewe kwa mwendo wake.

CHUMVI NJIANI, KONDOO BARABARANI

Kutoka Harrogate huelekea magharibi hadi Skipton, halafu Settle, na kutoka hapo njia huingia katika bonde la mto Ribble. Pande zote mbili ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zikipanda vilima mpaka machoni pasipofika. Kando ya kuta hizo wamo kondoo wa Swaledale, weusi wa uso, weupe wa pua, wenye pembe zilizojikunja. Wakati wa kiangazi hukaa mbali na magari. Wakati wa baridi huja barabarani kulamba chumvi.

Chumvi hiyo ni ya mawe. Huchimbwa chini ya ardhi, kwa mfano huko Winsford katika jimbo la Cheshire, ambako machimbo yalifunguliwa mwaka 1844. Malori huimwaga barabarani usiku, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Lakini malori hayafiki kila mahali. Barabara kuu humwagiwa. Njia ndogo za milimani mara nyingi huachwa. Dereva wa gari aweza kulipuuza jambo hilo. Mwenye magurudumu mawili hana budi kujua kila mara kama yuko juu ya njia yenye chumvi au isiyo nayo.

Penye Ribblehead marafiki hao husimama. Hapo lipo daraja la reli lenye matao 24, urefu wake mita 400 hivi, na kimo chake mita 32. Ujenzi ulianza mwaka 1870, na vibarua waliolijenga waliishi na jamaa zao katika vibanda juu ya nyika hiyo hiyo, wengi wakafa kwa ajali na kwa ndui. Wapandao pikipiki hukaa kwa kulielekea daraja, wakamimina chai, wala hawasemi sana. Helmeti humzuia mtu kuzungumza njiani, na wengi hukiri kwamba urafiki wa namna hiyo huwafaa wanaume wasiojua kusema mambo yao. Mtu hukaa nyuma ya mwenziwe saa nzima, akajua kwa jinsi anavyoingia konani kama amelala vizuri au ana jambo linalomsumbua.

KIKOMBE KILICHOTETEMEKA

Mwaka mmoja, safari ya marafiki hawa ilifika mji mdogo wa Hawes saa saba kasorobo mchana. Mpango wao ulikuwa kula hapo, kisha kupanda njia ya Buttertubs, ambayo hufika kimo cha mita 526, na kuteremkia bonde la Swaledale upande wa pili. Kijana alikuwa ameingoja njia hiyo tangu mwaka uliotangulia, walipozuiwa na mvua.

Aliposimamisha pikipiki, alijaribu mara tatu kuufungua mkanda wa helmeti, asiweze. Ndani ya mgahawa alichukua kikombe kwa mikono miwili, nacho kikagongagonga kisahani. Alipotakiwa kulipa alizimwaga sarafu mezani, akashindwa kuzihesabu. Alicheka. Alisema kwamba supu ikiingia tumboni atakuwa mzima, na kwamba jua bado lipo.

Mzee hakujibu upesi. Aliletewa supu na mkate, na baada yake jibini ya Wensleydale, ambayo hutengenezwa katika mji huo huo na kuliwa pamoja na keki ya matunda kama ilivyo desturi ya Yorkshire. Alikula akimwangalia mwenziwe. Kisha akatoka nje kutazama kipimajoto cha pikipiki yake. Kilionyesha nyuzi 1 juu ya sifuri.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Kutoka Hawes hadi kilele cha Buttertubs ni kama mita 280. Nyuzi 1 ya mjini ingekuwa chini ya sifuri kileleni, katika njia nyembamba yenye kona, ambako maji ya mlimani hupita juu ya lami. Maji hayo yakiganda hayawi meupe. Huwa utando mwembamba upitishao mwanga, hata lami nyeusi ikaonekana chini yake kama kwamba imelowa tu. Kanuni za barabara za Uingereza huonya kwamba juu ya barafu umbali wa kusimama waweza kuwa mara kumi ya ule wa barabara kavu. Aliye juu ya pikipiki, hata kabla ya kusimama, huwa amekwisha anguka.

Aliporudi mezani alisema kwamba watashuka kwa njia ya bondeni: Aysgarth, Leyburn, Masham, Ripon, kisha nyumbani. Yote ni barabara zilizomwagiwa chumvi.

Kijana alikasirika. Alisema mzee amezeeka, na kwamba asiyetaka kupanda na ashuke peke yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akazisukuma zile sarafu mbele yake, akamwambia kwa upole ahesabu thamani ya supu, na kwamba akiweza, watapanda wote wawili. Kijana aliziangalia sarafu hizo kitambo. Vidole vyake vilikuwa bado vyeupe. Akavaa glavu zake bila kusema neno.

Walishuka kwa njia ya bondeni. Kando ya Aysgarth mto Ure ulikuwa ukiporomoka kwenye ngazi zake za mawe, lakini hawakusimama. Mzee alitangulia kwa mwendo mdogo, naye kila mara alitazama kiooni kuona taa ya mwenziwe. Karibu na Masham alisimama, akavua glavu, akamwashia vipini vya umeme, akamtaka wabadilishane pikipiki. Kijana alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali. Walifika Harrogate saa tisa na dakika ishirini, baada ya kwenda kama kilomita 170. Mke wa mzee aliitoa karatasi juu ya meza, akaikunja.

Hakuna ajuaye njia ya Buttertubs ingekuwaje siku ile. Huenda ilikuwa kavu, nao wangepita salama na kuusifu ushujaa wao. Ugumu wa uamuzi wa namna hiyo ni huu, kwamba ukiwa mwema hauachi ushahidi. Wiki mbili baadaye kijana alikwenda dukani kununua vipini vya umeme. Mwaka uliofuata alikuwa yeye aliyeandika saa ya kurudi.

SABABU YA KWENDA WAWILI

Baridi ina hila moja ambayo wasioizoea hawaijui. Haianzi kwa maumivu makubwa. Kwanza vidole hupoteza hisia, halafu mkono huchelewa kushika breki, kisha fikira zenyewe hupungua kasi. Mtu aliyefikia hapo aghalabu hujiona mzima, na hupenda kubishana. Hawezi kuutambua upungufu wake, kwa kuwa kile ambacho angeutambulia ndicho kilichopungua. Mwenziwe huuona mara moja: anakosea gia, anasahau kuzima taa ya kukata kona, anasema maneno ya mkato. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda wawili, kuliko hata ile ya kusaidiana tairi litobokapo.

Kazi haiishi mlangoni. Chumvi iliyomwokoa msafiri huila pikipiki yake. Jioni hiyo hiyo huoshwa kwa maji baridi, wala si ya moto, kwa sababu joto huongeza kasi ya chumvi kula chuma. Kisha hufutwa, na cheni hutiwa mafuta.

Katika nchi zetu za joto theluji ya barabarani haijulikani, lakini baridi ya mwendo ipo. Katika milima ya Kigezi, alfajiri ya nyuzi 10, mwenye bodaboda aendaye kilomita 60 kwa saa hupigwa na baridi ihisiwayo kama ya nyuzi 5. Vijana wa huko hugeuza koti nyuma mbele ili upepo usipenye kwenye vifungo, na hilo ni jambo la busara. Wazee wa Ulaya waliongeza lingine lisilo na gharama: gazeti lililokwisha somwa, likakunjwa na kuwekwa kifuani chini ya koti, huzuia upepo kama ngozi ya pili. Glavu zisikosekane, hata za pamba, kwa kuwa usalama wa abiria umo katika vidole vinavyoshika breki. Na dereva akiona hawezi kuhesabu chenji ya abiria wake wa kwanza, asimchukue wa pili kabla ya kupata kikombe cha chai ya moto na kukaa kitako mpaka vidole vipate joto.