Tagi ya kutafutia vitu: soko la Kifanya linataka mlio kabla ya ramani

AirTag ya Apple ilipoingia sokoni Aprili 2021 kwa dola 29, karibu shilingi 70,000, wengi waliidhani kuwa kifaa cha setilaiti. Ndani yake hamna GPS wala laini ya simu. Inachotoa ni mawimbi hafifu ya Bluetooth, na iPhone yoyote inayopita karibu huyanasa na kupeleka taarifa kwenye seva za Apple bila mwenye simu kugusa chochote. Aliyepoteza begi analiona kwenye ramani kwa sababu mtu asiyemjua amepita karibu nalo. Biashara nzima imesimama juu ya wapita njia.

Ihamishie biashara hiyo Kifanya, kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe. Wapita njia wapo: wakulima, wapasua mbao, bodaboda, wanafunzi. Ila simu nyingi mikononi mwao ni Android za bei ya chini na vitochi. Tagi ya shilingi 70,000 inayosubiri iPhone ipite inaweza kulala shambani wiki nzima bila kusikiwa na mtu.

Google nayo ilizindua mtandao wa aina hiyo Aprili 2024, kwa simu za Android toleo la 9 na kuendelea, ikaanza na Marekani na Kanada. Kwa haraka unaweza kusema shida ya vijijini imekwisha. Kuna mpangilio mmoja unaovuruga hesabu: simu isipobadilishwa, huchangia taarifa kwenye maeneo yenye watu wengi tu, na mfumo husubiri simu kadhaa ziione tagi ndipo umwambie mwenye mali. Kwa faragha ni uamuzi mzuri. Kwenye stendi ya Makambako, njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, tagi ya namna hiyo ina nafasi. Kwenye shamba la miti ambako simu moja hupita asubuhi na nyingine jioni, haina.

Kwa hiyo mbunifu anayetaka kuuza Njombe, kwa maoni yangu, aanze na mlio. Mtu abonyeze, kitu kilie, akifuate. Ramani ije baadaye, kama itahitajika.

Hata mlio una fizikia yake, na hapa ndipo vifaa vingi vya bei ya kutupa kutoka China vinapoanguka. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo maji huyameza kwa urahisi. Kiazi mviringo ni maji kwa takribani asilimia 80. Funguo zikidondoka kati ya magunia ya viazi ghalani, simu iliyoonyesha tagi vizuri ukiwa uwanjani inaweza kuipoteza hatua chache kutoka kwenye rundo. Ukuta wa tofali za kuchoma nao unapunguza nguvu ya mawimbi, na mwili wa mtu vilevile. Anayepima kifaa chake juu ya meza ya ofisi Dar es Salaam hajakipima.

Njia ya pili ya kuamsha mlio ni redio ya megahezi 433, ile ya rimoti za mageti. Wimbi lake lina urefu wa karibu sentimita 70 dhidi ya sentimita 12 za Bluetooth, hivyo hupenya vizuizi vizuri zaidi. Jambo la maana zaidi kibiashara ni kwamba haihitaji simu janja: mwenye kitochi anapewa rimoti yenye vitufe vinne, kila kimoja na kitu chake. Gharama yake iko kwenye betri, kwa sababu tagi lazima iwe inasikiliza. Dawa ni kuiamsha kila baada ya sekunde moja au mbili, isikilize kidogo, ilale tena.

Betri ndiyo sehemu ambayo mteja ataijua kuliko zote. Nyingi ya tagi hizi hutumia CR2032, betri bapa ya volti 3 inayokaa pia kwenye rimoti za magari. Inabeba karibu miliampia 220 kwa saa moja. Saketi ikitumia wastani wa maikroampia 20, hesabu inatoa saa 11,000, yaani miezi 15. Mbunifu akiiachia itangaze mfululizo ili simu iione upesi, matumizi yakapanda mara kumi, betri hiyohiyo inakwisha ndani ya siku 46. Mteja wa kijijini hatarudi kununua betri kila mwezi na nusu. Ataitupa tagi, na jirani zake watajua.

Kisha kuna baridi. Njombe mwezi Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na betri za aina hii huongezeka ukinzani wa ndani zikipoa. Redio inapowaka kwa ghafla volti inaanguka, chipu inajizima, na mwenye kifaa anasema kimekufa. Kapasita ndogo ikiunganishwa sambamba na betri husaidia kubeba mshtuko huo, na bei yake ni ndogo mno. Kuiacha ili kubana matumizi ni kujinyima wateja wa Nyanda za Juu Kusini nzima.

Tukija kwenye fedha, chipu siyo inayotisha. Kinachotisha ni gharama za kuanza: umbo la chuma la kumwagia plastiki, ambalo hugharimu dola elfu kadhaa, majaribio, na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kifaa chochote cha redio, hata kile cha masafa yasiyolipiwa leseni. Tuseme vyote hivyo vifike shilingi milioni 15. Ukiuza tagi 500, kila moja inabeba 30,000 kabla hujanunua hata betri. Ukiuza 10,000, inabeba 1,500. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na faida ya muuza duka. Bei nafuu inatokana na wingi, na Kifanya peke yake haina wingi huo.

Ndiyo maana sioni mantiki ya kumlenga mtu mmojammoja anayepoteza funguo. Wateja wa kwanza ni wale ambao kupoteza kitu ni gharama ya kazi. Mwenye kikosi cha kupasua mbao ana misumeno ya mnyororo, majembe, madumu ya mafuta, vyote vinavyobaki kichakani jioni giza likiingia. Tagi kwenye kila msumeno, na msimamizi akibonyeza kabla gari halijaondoka, ni hesabu inayoeleweka siku ya kwanza.

Wa pili ni ofisi za parseli za mabasi. Mabasi ya abiria yamefungwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, lakini boksi lililoandikwa jina kwa kalamu ya wino halifuatiliwi na yeyote. Kampuni ikimiliki tagi zake, inafunga moja kwenye boksi Makambako, inaifungua safari inapoishia, na simu moja ya Android iliyo ofisini inatambua kilichoshushwa na kilichosahaulika kwenye buti. Tagi ya shilingi 12,000 ikisafiri mara mbili kwa wiki, ndani ya mwaka inagharimu kama shilingi 120 kwa safari. Mteja anayetuma vifaa vya simu atailipa bila kunung'unika.

Pikipiki niziache. Huko tayari kuna vifaa vya GPS vyenye laini, vinavyokula umeme wa betri ya pikipiki yenyewe, na Bluetooth haiwezi kushindana navyo. Mawimbi ya LoRa, yaliyotumika kufuatilia faru katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yanaenda kilomita kadhaa, ila yanataka mnara wa kupokea, na mnara unataka mtu wa kuulipia.

Kuna suala ambalo wauzaji hulipita haraka, nami naliona zito kuliko bei. Tagi inayopata begi inaweza pia kufichwa ndani ya begi la mwanamke anayefuatiliwa. Apple na Google walizindua Mei 2024 utaratibu wa simu kumwonya mtu anayetembea na tagi isiyo yake. Onyo hilo linafika kwenye simu janja. Mwenye kitochi hapati kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda baada ya jambo kutokea. Linaloweza kumlinda kabla ni tagi yenyewe. Kwa hiyo kila tagi yenye uwezo wa kuonekana kwenye ramani, ikikaa mbali na mwenye nayo kwa saa kadhaa, ilie yenyewe, kwa sauti ya kusikika ndani ya begi, na kipaza sauti chake kiwe kimegandishwa ndani ya plastiki kiasi kwamba kukitoa ni kuiharibu tagi.