Msimu wa besiboli ya watoto Marekani na mzigo unaobebwa na wazazi

KILA mwaka, theluji ikiwa bado haijayeyuka katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wazazi huanza kupokea fomu za kuwasajili watoto kwa msimu wa besiboli na softiboli wa majira ya joto. Miongoni mwao wamo Wakenya waliolowea Minnesota, Texas na Massachusetts, ambao utotoni mwao walicheza raunda na kati, na ambao kirungu cha besiboli walikuwa wamekiona katika filamu pekee.

Fomu hiyo huuliza mambo ya kawaida: umri wa mtoto, saizi ya fulana, nambari ya simu ya kupigwa dharura ikitokea. Kisha, karibu na mwisho, huja swali linalomshtua mzazi mgeni: Je, uko tayari kuwa kocha?

Swali hilo si mzaha. Msimu wa burudani wa watoto huendeshwa na wazazi wasiolipwa hata senti, wakishirikiana na idara ya bustani na burudani ya mji, ambayo mara nyingi ndiyo inayomiliki viwanja. Wasipopatikana makocha wa kutosha, timu huvunjwa kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, na watoto wakasambazwa kwingine au wakarejeshewa ada yao.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo machache yatatosha. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hukutana. Moja hupiga na nyingine hulinda uwanja. Mrushaji humrushia mpigaji mpira. Mpigaji akiupiga, hukimbia kupitia vituo vitatu, na akirejea salama alikoanzia, timu yake huandikiwa alama moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi. Aliyecheza raunda au kriketi ataelewa upesi, ila ajihadhari asije akakimbia na kirungu mkononi.

Watoto hucheza zamu sita badala ya tisa za watu wazima. Umbali kati ya kituo na kituo ni futi 60, yaani mita 18 hivi, ilhali wa watu wazima ni futi 90. Softiboli, ambayo ilianzia ndani ya jengo mjini Chicago mwaka wa 1887, hutumia mpira mkubwa zaidi, wenye mzingo wa inchi 12 ukilinganishwa na inchi 9 za besiboli, na mrushaji huurusha mkono ukitokea chini. Jina lake humaanisha mpira laini, lakini aliyewahi kugongwa nao gotini hatakubaliana na jina hilo.

Mfumo wa kuwapangia watoto ligi ulipata sura yake mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka wa 1939, wakati Carl Stotz alipoanzisha Little League akiwa na timu tatu tu. Hivi leo shirika hilo lina ligi katika nchi nyingi duniani. Yapo mashirika mengine, na iko miji inayojitungia kanuni zake yenyewe, lakini kanuni nitakazozitaja hapa ni za Little League kwa kuwa ndizo zinazofuatwa au kuigwa na wengi.

Wasichana walilazimika kusubiri. Mwaka wa 1972, Maria Pepe wa Hoboken, New Jersey, alicheza mechi tatu tu kabla ya kuondolewa timuni kwa sababu ya jinsia yake. Kesi iliyowasilishwa kwa niaba yake ndiyo iliyochangia kufunguliwa kwa milango mwaka wa 1974, na mwaka huo huo shirika likaanzisha mpango wa softiboli kwa wasichana. Hadi sasa msichana anaruhusiwa kuchagua besiboli, ingawa wengi huelekea softiboli, ambayo ina nafasi nyingi za ufadhili wa masomo vyuoni.

Kazi yenyewe huanzia katika hesabu. Tuchukulie mji mdogo uliosajili watoto 96 wa miaka kati ya tisa na 12. Hao ni timu nane za watoto 12 kila moja. Ikiwa kila timu itakutana na nyingine mara mbili, itacheza mechi 14, na jumla ya mechi zote itakuwa 56. Shule nyingi hufungwa mwishoni mwa Mei au katikati ya Juni, nayo juma la Julai 4, sikukuu ya uhuru, familia nyingi husafiri. Yanabaki majuma saba hivi kabla ya watu kutawanyika tena mwezi Agosti.

Mechi 56 kwa majuma saba ni mechi nane kwa juma. Zikichezwa jioni baada ya wazazi kutoka kazini, mechi moja kwa kila kiwanja, viwanja viwili vitahitajika kwa siku nne za kila juma. Hapo hatujawahesabu wasichana wa softiboli, wanaohitaji viwanja vivyo hivyo huku mrushaji wao akisimama umbali tofauti, wala watoto wa miaka mitano wanaopiga mpira uliowekwa juu ya kijiti. Wala hatujataja mvua. Mratibu mwenye busara huacha Ijumaa wazi tangu mwanzo, kwa maana mechi zilizoahirishwa zikianza kurundikana, hazina pa kuingia.

Ugawaji wa timu nao una fitina zake. Makocha wakiachiwa wachague wenyewe, mwenye jicho kali huwanyakua warushaji watatu bora, na kufikia katikati ya Juni kuna timu inayoshinda kwa alama 20 na nyingine ambayo watoto wake wameanza kuumwa na tumbo kila siku ya mechi. Dawa iliyozoeleka ni kuwapima watoto wote siku moja, kuwapa alama, kisha makocha kuchagua kwa zamu inayogeuka: aliyechagua mwisho mzunguko wa kwanza huanza mzunguko wa pili. Mtoto wa kocha huhesabiwa kuwa mmoja wa walioteuliwa, katika ngazi inayolingana na uwezo wake, ili baba mtu asipate mrushaji hodari bila gharama. Ndugu huwekwa timu moja mzazi akiomba. Maombi ya kuwaweka marafiki pamoja ndiyo huwakosesha waratibu usingizi.

Je, mtoto asiyejua kudaka atacheza? Hili ndilo jambo linalotofautisha msimu wa burudani na mashindano. Kanuni hulazimisha kila mtoto aliyefika apewe angalau muda wa kulinda uwanja hadi wapinzani sita watolewe, yaani zamu mbili kamili, na nafasi ya kupiga. Timu ya watoto 12 ina watatu benchini kila zamu. Kwa zamu sita hizo ni nafasi 18 za kukaa. Zikigawanywa sawasawa, sita watakaa zamu moja na sita watakaa zamu mbili. Kocha mwadilifu huandika mpango huo nyumbani usiku wa kuamkia mechi, kwa sababu mechi ikipamba moto na alama zikiwa sare, mkono wake utamwelekea mtoto hodari na yule mnyonge atasahaulika.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haiko benchini. Iko kwenye kiwiko cha yule mtoto hodari.

Kurusha mpira kwa nguvu, mara nyingi, hunyoosha kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Mwaka wa 1974 daktari Frank Jobe aliirekebisha kano hiyo katika mkono wa mrushaji wa kulipwa, Tommy John, na tangu hapo upasuaji huo umeitwa kwa jina la mgonjwa badala ya daktari. Ulikuwa wa watu wazima waliochakaa kazini. Leo madaktari wa michezo huufanyia vijana ambao bado wako shule ya upili. Kwa watoto wadogo zaidi, kinachoumia mara nyingi ni sehemu laini ya mfupa inayoendelea kukua.

Zamani ligi zilihesabu zamu alizorusha mtoto. Lakini zamu moja inaweza kuwa mirusho minane au 40, na mkono haujui tofauti ya zamu, unajua mirusho. Mwaka wa 2007 Little League ikabadilisha kanuni. Mtoto wa miaka saba au minane hawezi kuvuka mirusho 50 kwa siku. Wa miaka tisa na 10 ni 75. Wa 11 na 12 ni 85. Kisha kuna mapumziko. Kwa walio na miaka 14 au chini, aliyerusha mara 66 au zaidi hupumzika siku nne, 51 hadi 65 siku tatu, 36 hadi 50 siku mbili, na 21 hadi 35 siku moja. Zaidi ya hayo, aliyerusha mara 41 au zaidi haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo, maana mdakaji naye hurusha mpira kila mara.

Ni kanuni nzuri. Udhaifu wake ni kwamba huishia kwenye uzio wa kiwanja. Mtoto aliyerusha mara 60 Jumanne katika ligi ya mji aweza kuvaa sare nyingine Jumamosi akiwa na timu ya kusafiri, zile timu za kulipiwa pesa nyingi zinazozuru miji kwa mashindano ya wikendi, na huko akaanza kuhesabiwa kutoka sufuri. Kila daftari ni safi. Mkono ndio mmoja. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2014 na ligi kuu ya besiboli pamoja na shirikisho la mchezo huo Marekani unapendekeza kijana asirushe mpira kabisa kwa angalau miezi minne kila mwaka, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Lakini ni mwongozo tu. Hakuna mwamuzi wa kuutekeleza isipokuwa mzazi, ambaye ndiye pekee anayejua mtoto alicheza wapi juma zima.

Kwa softiboli, ligi nyingi hazijaweka hesabu kama hiyo kwa hoja kwamba mrusho wa kutokea chini ni wa kawaida kwa bega. Madaktari wa michezo hawajaridhika na hoja hiyo. Msichana anayerusha mechi tatu katika siku moja huchoka, na uchovu ndio unaoumiza.

Tukija kwa waamuzi, mara nyingi ni vijana wa miaka 14 au 15 wanaolipwa ujira mdogo, na hiyo huwa ndiyo ajira yao ya kwanza maishani. Anayewapigia kelele ni mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya uzio. Marekani imekuwa na uhaba wa waamuzi wa michezo ya vijana kwa miaka kadhaa, na matusi ya wazazi hutajwa kila mara miongoni mwa sababu kuu. Ligi zilizozinduka humpa kijana huyo mamlaka ya kusimamisha mechi, na mtu mzima wa kamati husimama karibu ili kijana asibishane na mtu wa umri wa baba yake.

Radi nayo haina mjadala. Ngurumo ikisikika, watoto wote hutolewa uwanjani na kuingizwa ndani ya majengo au magari, wala mchezo haurejelewi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma dakika ya 29, hesabu huanza upya. Msomaji wa Kisii, ambako radi imewahi kuua watoto wa shule, hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Kuhusu usalama mwingine, kila mtu mzima anayeshughulika na watoto huchunguzwa rekodi zake za uhalifu kila mwaka. Sheria ya nchi iliyotiwa saini Februari 2018, baada ya kashfa ya daktari wa timu ya sarakasi, inawalazimu watu wazima wanaohusika na michezo ya vijana kuripoti shaka ya dhuluma kwa watoto ndani ya saa 24. Mzazi Mkenya asikasirike anapoombwa nakala ya kitambulisho kabla ya kuruhusiwa kubeba mfuko wa mipira.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwa fainali za dunia mjini Williamsport, lakini ikanyimwa viza kutokana na dosari katika stakabadhi za kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi, Uganda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali hizo. Cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo, si karatasi ya kupuuzwa. Hata katika ligi ndogo ya mji, mtoto hupangiwa kitengo kwa tarehe iliyoandikwa humo, na mzazi aliyetoka Kenya hufanya vyema kukiagiza mapema, kwani usajili haumsubiri mtu.

Msimu huisha mwishoni mwa Julai. Fulana huwa za watoto. Kofia ngumu, virungu na mavazi ya mdakaji hurudishwa, na mtu mmoja wa kamati hukaa ghalani akihesabu na kutafuta nyufa, maana kofia iliyopasuka haitumiwi tena hata kwa mazoezi. Kisha huandikwa barua kwa wazazi wote. Huwa na mistari michache ya shukrani, tarehe ya mkutano wa kamati, na orodha ya timu zitakazokosa kocha mwaka unaofuata kwa sababu mtoto wa kocha amevuka umri.