Chombo Kidogo cha Muziki: Kipi Kinunuliwe?

Mtu akishuka katika matatu jioni pale Otonglo, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Busia, hawezi kukosa kusikia muziki. Muuza nyanya ametundika redio ndogo kwenye mti wa kibanda chake. Mwendesha pikipiki amefunga yake kwenye usukani. Na mvuvi ashukaye ziwani usiku huenda nayo, ameifunga kwa kitambaa isirukiwe na maji. Vyombo hivi vimejaa madukani, na bei zake zaanzia mamia ya shilingi hata kufika maelfu mengi. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji jinsi ya kuvichagua, maana mimi mwenyewe nilichagua vibaya mara ya kwanza, na karibu nipoteze kitu kisichonunuliwa dukani.

Baba yangu ni mkulima. Miaka mitatu iliyopita macho yake yaliingia giza kwa ugonjwa wa presha ya macho, na tangu hapo ndugu zangu ndio washikao jembe. Yeye hukaa chini ya mwembe akilinda mahindi yanayoanikwa, na siku yake ni ndefu. Alikuwa na mashine ya kanda aliyoinunua mwaka 1979 baada ya kuuza pamba, na kanda zake zilikuwa zimejaa benga: Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Victoria Kings, George Ramogi. Lakini kanda moja haikuwa ya bendi yo yote. Ilinaswa mwaka 1991 katika arusi kijijini kwetu, na ndani yake akina mama wa kanisa wanaimba. Mama yangu ndiye anayeanzisha, wenzake wanaitikia. Mama alifariki mwaka 2014, wala hatuna mahali pengine penye sauti yake.

Mwaka jana mashine ile ikakwama. Mimi, kwa haraka ya mtu aliyepokea mshahara juzi, nikaenda mjini nikanunua chombo kizuri cha kisasa, chembamba kama kiberiti, uso wake wote kioo. Nilitoa shilingi 3,500. Muuzaji alinieleza idadi ya nyimbo zinazoingia humo, nami nikafurahia hesabu hiyo kama mtoto. Nilipompa Baba alikipapasa pande zote, akakirudisha mkononi mwangu. "Nyathina," akasema, "hiki ni kioo kitupu. Nataka kitu ambacho kidole changu kitakijua." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnunulia kipofu chombo kinachotumiwa kwa macho!

Haja ya kuchukua muziki mkononi si ngeni kwetu. Wazee wanakumbuka santuri za kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya betri iliyoitwa "Saucepan Special", maana umbo lake lilikuwa la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Mwaka 1954 Wamarekani wakaanza kuuza redio ya transista iliyoingia mfukoni. Kanda ndogo ya Philips ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, na mwaka 1979, mwaka ule ule Baba alipouza pamba yake, Sony wakatoa Walkman. Kisha mwaka 2001 ikaja iPod ya Apple, isiyokuwa na kanda wala sahani za kubadilishwa, nayo ilikoma kutengenezwa mwaka 2022, kwa kuwa watu wengi sasa husikiliza muziki katika simu zao. Lakini simu ya kioo humaliza chaji mapema, na jua la shambani laifanya iwe moto. Ndiyo maana redio ya kadi haijaondoka mikononi mwa wakulima.

Basi Jumapili moja nilimchukua Baba mwenyewe hadi soko la Kibuye. Fundi tuliyemkuta hakumwuliza ana fedha kiasi gani. Alimwambia, "Jaduong', kaa hapa, ushike moja moja." Nikasimama kando, na saa nzima ile sikuulizwa neno.

Jambo la kwanza alilolitaka Baba ni vifungo. Zipo redio za kadi zenye tarakimu 0 hata 9 kama simu ya zamani. Ukibonyeza namba ya wimbo, chombo chaenda moja kwa moja kwenye wimbo huo. Kwa asiyeona, hilo lapita uzuri wo wote wa kioo. Hata kwa mwenye macho lina faida: mkono wenye udongo au magamba ya samaki wabonyeza kifungo bila taabu, lakini kioo hukataa.

Jambo la pili lilikuwa sauti. Mara nyingi watu dukani huuliza, "Yalia kwa nguvu?" Fundi akiongeza sauti mpaka mwisho, hununua. Baba aliomba wimbo wa benga anaoujua, akasema sauti ipunguzwe. Alikuwa akilitafuta gitaa la besi. Spika ikiwa ndogo mno haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Gitaa la mbele lalia vizuri, lakini besi yapotea, na benga isiyo na besi ni nusu yake. Alikataa redio mbili kwa sababu hiyo, nayo moja ilikuwa ya bei kubwa kuliko ile tuliyoichukua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikubali kupigiwa wimbo wa muuzaji. Chagua wako, na uusikilize kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kadiri. Ikiwa katika sauti ya kadiri spika yaanza kukoroma, irudishe.

Tatu ni betri. Chombo changu cha kioo kilikuwa na betri iliyofungiwa ndani, isiyoweza kutolewa. Ikichoka, chombo chote kimekwisha. Redio nyingi za kadi hutumia betri ya aina ya BL-5C, ile ile iliyokuwamo katika simu ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, tuliyokuwa tukiita mulika mwizi. Mafundi wa simu waijua, na kuipata si kazi. Juu yake huandikwa namba kama 1020, nayo ndiyo kipimo cha umeme unaowekwa ndani. Redio ikitumia 100 kwa saa, betri hiyo itadumu saa kama kumi. Ukifungulia sauti mpaka mwisho, saa hizo zapungua sana. Tahadhari na betri isiyo na jina ambayo imeandikwa namba kubwa ajabu. Namba haina kodi, kila mtu aweza kuiandika. Angalia pia tundu la chaji: likiwa la waya wa kawaida wa simu, stima ikipotea waweza kuchaji kwa taa ya sola.

Kadi nayo ina hila zake. Muziki wa kawaida wa aina ya MP3 huchukua kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 8 yatosha nyimbo 2,000 hivi. Nani atamaliza kuzisikiliza? Kadi iliyopita GB 32 mara nyingi haisomwi na redio hizi, kwa sababu imepangwa kwa namna nyingine. Tena nyimbo zilizotolewa katika simu pengine si MP3 bali M4A, na redio hunyamaza kimya ikifika hapo, mwenye nayo akadhani imekufa. Kadi za bandia pia ziko, zimeandikwa GB 32 na ndani hazifiki hata robo. Nyimbo za mwisho huharibika. Dawa ni kuijaza, kisha kusikiliza wimbo wa mwisho kabla hujalipa.

Tuliilipia redio yetu shilingi 1,200. Ilibaki ile kanda.

Hapo ndipo nilipoogopa. Fundi mmoja mjini, kabla ya hayo, alikuwa ameitazama na kuniambia niitupe, kwa kuwa utepe wake umeshika ukungu. Nilikuwa nusura nimtii. Fundi wa Kibuye aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaufuta utepe polepole kwa kitambaa kikavu, akauhamishia katika kasha la kanda nyingine. Mashine ya Baba aliitia mkanda mpya wa mpira, maana ule wa zamani ulikuwa umelegea, na mkanda uliolegea ndio ulao kanda. Kisha akaunganisha waya toka tundu la vipokea sauti mpaka kwenye kompyuta. Kazi hii haina njia ya mkato: upande wa dakika 30 hunaswa kwa dakika 30. Tulikaa tukiutazama utepe ukizunguka. Mara moja ulikwaruza, nikashika ubao wa meza. Kisha akina mama wakaanza.

Baba hakusema kitu. Aliinamisha kichwa mpaka upande wa kwanza ulipokwisha, ndipo akaomba maji.

Redio hizi nyingi hazipangi nyimbo kwa majina, bali kwa jinsi zilivyotangulia kuingia katika kadi. Kwa hiyo tuliifuta kadi yote, tukaingiza kwanza wimbo wa Mama, kisha benga. Wimbo wa Mama ni namba 1. Vifungo vyote vilikuwa laini sawasawa, basi fundi akadondosha tone la gundi juu ya 1, likakauka kama chembe ya mtama. Kidole cha Baba hulipata hapo.

Neno kwa makarani wenzangu, tusafirio asubuhi kwa matatu. Sisi hupenda vipokea sauti vya kutia masikioni, na kwa sababu gari lapiga kelele twaongeza sauti ili kuishinda. Shirika la Afya Duniani limesema mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Sauti ikipanda kidogo tu, muda huo wapungua upesi sana. Mimi nimeacha kusikiliza ndani ya gari. Chombo changu cha kioo nakitumia nyumbani.

Majirani sasa huja chini ya mwembe kusikiliza Misiani, na Baba huwatajia namba za nyimbo kwa kichwa, zaidi ya mia moja. Namba 1 haipigi mbele ya watu. Huisikia usiku, sauti ikiwa chini, nami nikilala huko mwisho wa juma huisikia kupitia ukuta. Kadi ya pili yenye nyimbo zile zile nimeiweka katika sanduku la vyeti vya nyumbani, pamoja na ile kanda.