Homa Isiyosikia Dawa

Mtoto akimaliza dawa ya malaria na homa kali ibaki, bandama nayo ivimbe, tusiseme amerogwa. Mara chache askari wa mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Madaktari huita hali hiyo HLH. Huweza kuletwa na maambukizi, hata kala-azar tunayoijua Baringo na Pokot Magharibi.

Damu ndiyo hutoa dalili: chembe zake hupungua, na feritini, protini inayoweka akiba ya madini ya chuma, hupanda sana. Kwa mtoto, ikipita nanogramu 10,000 kwa mililita, daktari hushuku HLH. Lakini kipimo kimoja hakitoshi, vingine hufuata.

Bila matibabu HLH huua. Basi mpelekeni hospitali kubwa upesi, na kikundi kichange nauli.