Usugu wa Mbu na Mwanga wa Kuupima

Watu wengi wa pwani yetu, tangu Bunju, Mapinga na Kerege mpaka Bagamoyo mjini na ng'ambo ya Ruvu kuelekea Saadani, hulala ndani ya chandarua chenye dawa ya jamii ya pareto. Dawa hiyo imeokoa watoto wasiohesabika. Lakini mbu naye hakukaa bure. Kizazi baada ya kizazi ameizoea, hata sehemu nyingi za nchi yetu hutua juu ya chandarua, akapumzika, kisha akaondoka mzima.

Habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini baada ya vimelea vya malaria kuishinda. Ikaja SP, nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 nafasi yake ikachukuliwa na dawa ya mseto. Sasa huko Kagera wataalamu wamekuta vimelea vyenye dalili za kuanza kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguvu ya mseto huo. Kosa la kujua habari kwa kuchelewa hulipwa na mgonjwa, wala si na mwandishi wa taarifa.

Kwa mbu, kipimo cha siku zote ni hiki: huwekwa hai ndani ya mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa muda wa saa moja, kisha hungojewa saa 24 ili wahesabiwe waliokufa. Wakifa chini ya 90 katika 100, usugu umethibitika. Ni kipimo cha haki, lakini chataka mbu wengi walio hai na wenye afya, na hakisemi lolote juu ya umri wao. Na umri ni jambo kubwa, maana mbu asiyeishi kiasi cha siku kumi hivi baada ya kunyonya damu yenye vimelea hawezi kumwambukiza mtu.

Ndipo tunapofika kwenye mwanga. Mwaka 1800 William Herschel aligundua kuwa uko mwanga usioonekana kwa macho ila hupasha joto, nao ndio uitwao infraredi. Protini, mafuta na sukari za kila kiumbe hutikisika daima, kila kiungo kwa mwendo wake, kama nyuzi za udi ambazo kila mmoja una sauti yake. Mwanga huo ukipitishwa, kila kiungo hunyonya sehemu inayolingana na mtikisiko wake, na mashine huchora mchoro wa kilichonyonywa. Mbu mmoja mkavu, na dakika chache, vyatosha. Kisha kompyuta huufananisha mchoro na ile iliyokwisha kufundishwa.

Katika maabara za nje njia hii, pamoja na ndugu yake aliyegunduliwa na C. V. Raman huko Calcutta mwaka 1928, hutumiwa kuchunguza chembe za saratani. Chembe iliyojifunza kuishinda dawa hubadili mafuta na protini zake, na mabadiliko hayo huonekana. Mgonjwa wa Ocean Road angefaidika mno kuambiwa mapema kuwa dawa fulani haitamfaa. Lakini kazi hiyo ingali ya maabara, nasi hatupendi kumuuzia mgonjwa tumaini lisiloiva.

Kwa malaria tuko karibu zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipima matone ya damu iliyokaushwa ya watu 296 wa kusini mashariki mwa nchi, wakatambua sawasawa 92 katika kila 100. Mwaka huo huo walionyesha kuwa mwanga huo waweza kusema kama mbu amenyonya damu ya mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku. Juu ya usugu, yajulikana kuwa baadhi ya mbu sugu huwa na ngozi nene kuliko wengine, na ngozi ndiyo hasa isomwayo na mwanga huu.

Walakini kompyuta haijui ila ilichofundishwa. Iliyofundishwa kwa mbu wa maabara moja imepata kushindwa kutambua umri wa mbu wa maabara nyingine. Na mbu wa pwani wana mambo yao: Anopheles merus huzaliana katika maji ya chumvi, ambayo bonde la Kilombero halinayo. Twaona basi kuwa mashine iliyosomeshwa kwa mbu wa bara isiletwe Bagamoyo kutoa hukumu.

Wako wanaodhani Bagamoyo ni magofu ya Kaole tu. Wasahau kuwa watoto wa hapa walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, na kwamba tawi la Ifakara hapo hapo hupima vyandarua na dawa za mbu. Mahali pa kukusanyia mbu wa pwani, kuwapima kwa mrija na kwa mwanga bega kwa bega, pako tayari. Majibu yake yawafikie Wizara na pia wenyeviti wa vijiji, maana vyandarua vyenye dawa mbili vipo: huko Misungwi, jaribio lililotangazwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa aina yenye klofenapiri ilipunguza malaria ya watoto kwa 44 katika 100 kwa miaka miwili, ikilinganishwa na chandarua cha kawaida. Mwenyekiti wa Zinga au Mlingotini akijua mbu wake ni wa namna gani, atajua pia ni chandarua gani cha kudai.